Dawa ya Sauti

Mwese,
11 Agosti 2024

Kwako Recho, mke mwenzangu mdogo,

Naanza na mume wetu ili usiseme nakunyima habari zake. Babu yako Hilari ni mzima, anakula, anakoroma, na jana amegombana na jogoo. Mimi pia mzima. Mzigo wako nimeupokea kwa Eustace wa bodaboda, aliyeubeba kutoka stendi ya Mpanda ndani ya koti lake kama mtoto mchanga. Pampu zote mbili za kifua zimefika, ya bluu na ya kahawia, pamoja na sweta. Sweta inanibana lakini nitaivaa hivyo hivyo, baridi ya huku unaijua.

Unauliza kwa nini sikupigii simu. Umesahau kwenu? Mtandao unapatikana juu ya lile jiwe tu, na pale kuna foleni. Ukisema "haloo" kundi zima linakuitikia. Siwezi kwenda kutangaza kifua changu juu ya jiwe. Hapa kijijini mtu akikohoa kidogo tu wanaanza kumtengea kikombe chake. Wanaojua kwamba nina pumu ni babu yako, wewe, na yule daktari wa Mpanda aliyeniandikia dawa. Nataka ibaki hivyo mpaka sikukuu ya Kristo Mfalme, mwezi wa kumi na moja.

Maana mwaka huu shindano la kwaya za vigango litafanyika Mpanda siku hiyo ya Kristo Mfalme, na sisi tunakwenda. Nimeifundisha kwaya hii tangu mama yako hajaota meno. Wakijua mwalimu wao hana pumzi, kijiti changu cha kuongozea atapewa Emelyne. Emelyne ana sauti nzuri, sikatai, lakini anapoongoza anapiga mikono kama anafukuza nzi. Nikinyang'anywa kwaya, Recho, sijui nitaamka asubuhi kufanya nini.

Nikuambie siri nyingine. Tangu mwaka jana siimbi. Nafungua mdomo, naonyesha kwa mikono, sauti haitoki kwa sababu pumzi haitoshi. Wao wanadhani ndio ufundi wenyewe, na yule Onesphore wa besi ameshaanza kuniiga.

Pampu ya bluu ni mkombozi, navuta na papo hapo kifua kinaachia. Ya kahawia nayo naitumia kama ulivyoagiza.

Sasa niambie, huko chuoni unasomea nini hasa? Babu yako anawaambia watu unasomea misuli, nao wanadhani utarudi kuwa kocha wa mpira.

Ni mimi, mke mkubwa,
Katarina


Dar es Salaam,
25 Agosti 2024

Shikamoo mke mkubwa,

Barua yako nimeisomea maabara, nikacheka mpaka profesa akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Mwambie mume wetu amwache jogoo wa watu.

Sisomei ukocha. Iko hivi. Kuna misuli kama ile ya Onesphore anayofyatulia matofali: akiiambia inua, inainua. Halafu kuna mingine inaitwa misuli laini. Imezunguka mirija ya pumzi, mishipa ya damu, utumbo, hata mfuko wa uzazi. Hii haisubiri amri yako, inajiendesha yenyewe uwe macho au usingizini. Mimi nasoma ile ya mirija ya pumzi, na hasa namna inavyopata habari.

Unakumbuka siku ng'ombe wa mzee Kashinje walipopotea? Mtu mmoja alipiga yowe kule bondeni, jirani akalipokea, wa tatu akalipeleka mbele, na wewe mwenyewe ulitoka na mchi mkononi wala hujui unaitiwa nini. Ndani ya seli za msuli kuna protini zinazofanya kazi hiyo hiyo. Moja inakaa mlangoni. Vumbi au moshi ukiingia, mwili unashtuka, protini ya mlangoni inaguswa, nayo inamgusa mwenzake wa ndani, naye mwenzake, mpaka amri inafika: kaza! Msuli unakaza, mrija unabanwa, na wewe unasikia filimbi kifuani.

Kwa mtu asiye na ugonjwa, yowe la bure likipigwa watu wanarudi majumbani. Kwa mwenye pumu halikomi. Likiendelea miaka, zinakuja protini zenye habari nyingine kabisa: ongezekeni, nenepeni! Seli zinazaana, msuli unanenepa, na njia ya hewa inabaki nyembamba hata siku isiyo na vumbi. Hiyo habari ya pili ndiyo ninayoifukuzia mimi. Nafuga seli kwenye visahani, nazilisha na kuzibadilishia maji. Wiki iliyopita ukungu uliingia zikafa zote, nikalia kama nimefiwa. Nikiziangalia kwenye darubini nakuona wewe, bibi, ndiyo maana.

Kwa hiyo pampu ya bluu inalegeza msuli saa ile ile, ni ya dharura. Ya kahawia inakwenda kuwatuliza wapiga yowe, taratibu, kila siku asubuhi na jioni, hata ukiwa unajisikia mzima. Hiyo ndiyo ninayoitegemea mimi. Usinichezee na hiyo.

Mke mdogo asiye na wivu,
Recho


Mwese,
15 Septemba 2024

Mke mwenzangu msomi,

Barua yako nimemsomea babu yako sebuleni. Aliposikia kwamba ndani yangu kuna misuli laini alicheka mpaka akamwaga chai. Anasema ameishi na mimi miaka yote hii na hajawahi kukutana na kitu laini. Nimemnyima mboga.

Lakini nimekuelewa vizuri. Kumbe kifuani kwangu kuna wambea! Sasa kikianza kupiga filimbi nakigonga nawaambia, "Nyie humo ndani, ng'ombe wameshapatikana, rudini nyumbani." Wengine wanasikia.

Habari kubwa ni kwaya. Recho, mwaka huu tunaimba! Nimepata kitu cha kuwalainishia sauti, wanakipenda kuliko tangawizi na mayai mabichi, na siku za mazoezi wanapanga foleni bila kusukumwa. Onesphore besi yake imeshuka mpaka chini kabisa, akiimba benchi linatetemeka. Naye mwenyewe haamini, anatembea kijijini akisalimia watu kwa besi. Emelyne tu ndiye sauti imekuwa nzito kidogo, sijui amekula nini, nimemwambia apunguze kupiga kelele kwa watoto.

Pampu zako zinatumika vizuri sana. Ile ya kahawia inatumika kuliko hata ulivyotegemea, na imekaribia kwisha. Ukiweza tuma nyingine. Na ya bluu usiisahau, maana wakulima wameanza kuchoma mashamba na moshi umezagaa.

Mke mkubwa mwenye wambea wake,
Katarina


Dar es Salaam,
29 Septemba 2024

Bibi yangu kipenzi,

Umenifurahisha! Kahawia imekaribia kwisha! Nimewaambia wenzangu wote maabara kwamba bibi yangu wa Mwese anafuata dawa kuliko wagonjwa wa mjini. Nimewaeleza pia kuhusu kuutangazia msuli kwamba ng'ombe wamepatikana, na profesa ameomba ruhusa ya kulitumia neno hilo darasani.

Nakutumia pampu nyingine ya kahawia. Ya bluu duka lilikuwa limeishiwa, nitaituma kwa basi la wiki ijayo. Sina wasiwasi sana, maana mtu anayevuta ya kahawia kila siku bluu anaihitaji mara chache.

Jambo moja nilisahau kukuambia. Ukimaliza kuvuta ya kahawia, sukutua mdomo kwa maji na uteme. Usiposukutua, dawa inabaki kooni na sauti inakwaruza, wengine inakuwa nzito kabisa. Kwa mwalimu wa kwaya hilo ni janga.

Na hicho kitu unachowalainishia sauti ni nini? Asali? Nitumie na mimi.

Anayejivunia wewe,
Recho


Mwese,
13 Oktoba 2024

Mjukuu Recho,

Mimi ni babu yako Hilari. Si kawaida yangu kuandika, kwa hiyo ukiona barua yangu ujue kuna jambo. Naandikia kwenye banda la mbuzi ili bibi yako asinione.

Kwanza ni mzima. Nimetanguliza hilo usije ukaanguka. Yuko ndani amekaa, amenuna.

Alhamisi walikuwa mazoezini kanisani. Jirani akachoma shamba lake na upepo ukaleta moshi wote ndani. Bibi yako akabanwa. Akatafuta ile pampu ya bluu mfukoni, akavuta, tupu. Ilikuwa imekwisha siku hiyo hiyo, kwa sababu amekuwa akiivuta kila mara kama anayekunywa maji, na ile nyingine uliyoahidi ilikuwa haijafika. Akakaa chini, midomo ikabadilika rangi. Kwaya nzima ikapiga kelele, "Mpeni mwalimu dawa ya sauti! Mpeni dawa ya sauti!" Emelyne akakimbia kuleta ile pampu yako ya kahawia wakampulizia mdomoni, tena na tena, na hakuna kilichobadilika.

Sasa nikueleze dawa ya sauti ni kitu gani, ingawa nimekatazwa. Ile ya kahawia ulipoituma mwezi wa nane, bibi yako aliivuta, akakaa kwenye kiti akisubiri kifua kifunguke. Hakikufunguka. Akasema Recho kauziwa hewa, akaitupa kwenye kapu. Emelyne akaja nyumbani, akaiona, akauliza hii nini. Na bibi yako, ili asiseme ni pumu, akasema ni dawa ya sauti, mjukuu wangu kaituma kutoka Dar. Basi ikawa hivyo. Kila mazoezi wanapanga foleni, wananyunyiza mdomoni, wanaimba. Ile uliyotuma mwezi uliopita nayo walishaifungua.

Onesphore alimbeba mgongoni mpaka barabarani, Eustace akampakia, nami nikakaa nyuma kumshikilia. Kituo cha afya wakamwekea mashine ya mvuke mpaka akapumua. Muuguzi akatangaza pumu mbele ya kwaya nzima iliyokuwa imejaa mlangoni. Kwa hiyo siri imekwisha.

Tangu siku hiyo amemkabidhi Emelyne kijiti. Anasema mwalimu wa kwaya asiye na pumzi ni sawa na mpishi asiye na moto. Hanigombezi. Recho, juzi nilimwaga chai makusudi kwenye kitambaa chake cheupe na hakusema kitu. Niliogopa kuliko siku ile ya moshi.

Mwandikie. Usiseme nimekuambia.

Hilari Kasonso


Dar es Salaam,
19 Oktoba 2024

Bibi,

Nimeambiwa. Usimuulize babu, nimeambiwa na ndege.

Nimekasirika, na nakuandikia nikiwa bado nimekasirika. Umeniandikia kwamba unaitumia, nami nikatembea mji mzima nikijigamba. Na wewe ulikuwa ukiwalisha dawa yangu soprano na besi! Besi ya Onesphore haijashuka, bibi. Koo lake limekwaruzwa na dawa isiyomhusu. Emelyne hivyo hivyo. Wote waache leo, wasukutue, watapona. Na ile pampu waliyochangia midomo usiiguse, nimetuma nyingine mpya kwa Eustace pamoja na za bluu.

Nilipofika kwenye ile habari ya midomo kubadilika rangi nilitoka nje ya maabara nikakaa kwenye ngazi. Nashinda mchana kutwa nikizihudumia seli za watu nisiowajua, na wewe unakosa pumzi kwenye benchi la kanisa.

Ile ya kahawia ukivuta huhisi kitu. Ndivyo ilivyo. Mtu akimwambia mpiga yowe anyamaze, wewe uliyelala ndani husikii chochote, na kutosikia ndiyo faida yenyewe. Kuna majuma kadhaa ya kuvuta bila kuona lolote, halafu siku moja unagundua hujaitafuta bluu. Msuli ulionenepa siwezi kukuahidi kwamba utapungua wote, hilo bado tunalisoma. Lakini yowe tunaweza kulizima.

Kuhusu kijiti sisemi. Hilo ni lako na kwaya yako. Mimi nataka uvute, asubuhi na jioni, usukutue, uteme. Sikuombi kama mke mwenza. Nakuomba kama mtoto uliyemlea.

Recho


Mwese,
3 Novemba 2024

Dada Recho,

Mimi ni Emelyne, tuliimba wote kwaya ya watoto, labda unanikumbuka. Babu Hilari ameniambia nikuandikie, yeye anasema ameshamaliza barua zake za mwaka huu.

Naomba radhi kwa niaba ya kwaya. Kweli hatukujua. Tumeacha wote, hata Onesphore, ingawa yeye alilia kidogo. Besi yake imerudi palepale ilipokuwa na sasa anasalimia watu kwa kichwa.

Mwalimu anavuta dawa. Nakueleza tulivyofanya ili ucheke. Tumepanga zamu. Kila asubuhi na kila jioni mmoja wetu anapita mlangoni kwake na kuuliza kwa sauti, "Mwalimu, umevuta?" Haondoki mpaka aone maji ya kusukutua yametemwa uani. Mwanzoni alitufukuza kwa ufagio. Sasa anavuta mapema tu ili tusije. Pia tumeongea na majirani wasichome shamba siku za mazoezi, na tunamwagia maji sakafu ya kanisa kabla ya kufagia.

Lakini kijiti hataki kukishika. Tumemfuata mara nyingi. Anakuja mazoezini, anakaa benchi la nyuma na babu. Mimi siwezi kazi hii, dada. Ninapoongoza, alto wanaingia kabla ya wakati na tena wanacheka. Na kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Mama yangu mzazi anabanwa kifua kama mwalimu, tunamficha, tukisema ni uzee. Siku ile kituoni nilipomwona mwalimu anarudishiwa pumzi nilimwaza mama. Nimeshampeleka hospitali Mpanda, naye kapewa pampu mbili. Kwa hiyo mwalimu, bila kujua, ametusaidia nyumbani kwetu. Nilitaka kumwambia, ananiogopesha.

Tuombee, shindano limekaribia na hatuna mwalimu.

Wako,
Emelyne


Mwese,
27 Novemba 2024

Recho, mke mwenzangu, mtoto wangu,

Barua yako ya hasira nimeisoma mara nyingi, nimeiweka kwenye kitabu cha nyimbo. Nilikudanganya, nisamehe. Niliona aibu kukuambia kwamba zawadi yako haifanyi kazi, na kumbe mimi ndiye niliyekuwa sifanyi kazi yangu. Sasa navuta. Hata kama ningetaka kuacha nisingeweza, maana nyumba hii inalindwa na kwaya kama kituo cha polisi.

Nikupe habari za kijiti. Nilikuwa nimeapa sikishiki tena. Juma la mwisho la mazoezi nikakaa benchi langu la nyuma, Emelyne akaanza kuongoza. Ee Mungu! Alipiga mikono vibaya kuliko siku zote. Wimbo wa kwanza nikavumilia. Wa pili tena akawaingiza tenor mahali pa alto, akaniangalia kabisa usoni, akaendelea kufukuza nzi wake. Nikainuka. Sijui nilifikaje mbele, nilikuta tu kijiti kiko mkononi mwangu na nawagombeza wote, na babu yako nyuma kule anapiga makofi. Baadaye Emelyne akanishika mkono akanieleza habari za mama yake. Tulilia wote wawili pale madhabahuni, halafu nikamwambia kwamba najua alikosea makusudi. Akakataa. Lakini alikuwa anacheka.

Mpanda tumekuwa wa pili. Wa kwanza ni watu wa Majimoto, wana kinanda kipya na sare za kung'aa, na sina neno nao. Katikati ya wimbo wa mwisho nilijikuta naimba, Recho, kwa sauti, kwa pumzi zangu mwenyewe, na Onesphore alishangaa akasahau ubeti. Hapo ndipo tulipopoteza alama, kwa hiyo ukipenda sema ni kosa lako.

Kurudi tulipanda fuso. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye ule mlima mrefu kabla ya kufika gari likazama kwenye tope. Tukashuka wote tupande kwa miguu. Emelyne akaanzisha wimbo, wakaitikia, nikaitikia nami. Nikapanda naimba. Nilikuwa naangalia tope tu, nisiteleze, mpaka niliposikia mtu ananiita kwa nyuma. Nikageuka. Babu yako alikuwa chini kabisa, ameshika kiuno, viatu viko mkononi, anasema, "Katarina, nisubiri."

Miaka yote hii, kwenye kila mlima wa Mwese, mwenye kusema neno hilo nilikuwa mimi. Nikasimama pale kwenye tope nikamsubiri mume wetu, na wakati namsubiri sikuacha kuimba.

Bibi yako,
Katarina